Uwanja Nyuma ya Foyer

Kolwezi, kambi ya Musonoi, tarehe 14 mwezi wa ine 1980

Yaya Henriette,

Jambo sana, na jambo ku batoto. Ku bahasha niliweka jina yako ya serikali tu. Henriette, jina ya kizungu, nimeiacha huku ndani, pahali hakuna mutu wa kuikataza.

Barua ya chuo yenu ilifika. Kumbe ni kweli! Nafasi moja kwa Kolwezi yote, kwenda kujifunza kule Lubumbashi namna ya kuongoza nyumba ya sanaa, kisha mutu anarudia na kupewa foyer ya kwao, ile nyumba ya michezo na mikutano. Foyer yetu ya Musonoi, yaya. Tangu nilitoka Likasi mwaka jana na kuanza kufundisha troupe ya dansi ya kambi hii ya mugodi, sijaona salle yake, chumba kubwa ya ndani, wazi hata siku moja. Iko na kufuli, ndani banaweka viti bya kuvunjika. Ingekuwa mu mikono yangu, ungeona.

Sasa chuo inalomba plan ya uchunguzi, ile banaita enquête. Mi najua kupiga mikono na kusema moja-mbili-tatu-ine. Plan ni kitu gani? Unisaidie, weye unafanya kazi mu ofisi yao. Na plan lazima itiwe saini na prezida wa komite ya kambi, Citoyen Ngeleka. Yule mutu hachekake. Batu banasema bibi yake Agnès alimuacha wakati ya vita ya huku, ile ya 1978, akarudia kwao Fungurume, na tangu siku ile uso yake ilifungwa kama salle.

Swali nilisha kupata: juu ya nini banawake banatoka mu troupe? Kila mwezi mumoja anapotea, na bale banabaki banacheza bila roho. Jibu pia ninayo: mabwana zao. Mwanaume anapendaka kuangalia bibi ya mwenzake akicheza, ya kwake akae ku jiko.

Maana kwa kufundisha, mi nafundisha. Tunarudilia dansi inje, mu uwanja nyuma ya foyer, udongo pale ni laini, muzuri sana kwa miguu. Kila siku napiga filimbi, nalia: «Kanyaga! Udongo isikie!» Nao banakanyaga kama batu banapita mu chumba ya mutoto analala. Inanikasirisha, yaya, we acha tu.

Usifikiri ninatafuta kazi ya kukaa ku kiti juu ya kuchoka. Mi ni muzima kabisa.

Mudogo yako,
Kabedi


Lubumbashi, tarehe 23 mwezi wa ine 1980

Mudogo yangu Kabedi,

Tata Swedi alileta barua yako mu gari yake na vumbi yote ya barabara. Umuambie asiikalie tena.

Swali yako ni nzuri. Jibu yako uitoshe, uitupe. Kama jibu unayo mbele ya kuuliza, basi unatafuta mashahidi tu. Mu plan usiandike mabwana hata mara moja.

Andika hivi: unataka kujua nini; utauliza nani; utamuuliza namna gani; na ukisha kujua, utafanya nini. Hiyo ya mwisho njo jury, bale bakubwa ba kuchagua mutu, inaangaliaka. Mutu anakupa maneno yake, si kwa kuifunga mu karatasi tu.

Uulize bale balitoka, usiulize tu bale banabaki. Na usiulize kama mwalimu. Nakujua, Kabedi. Tangu utoto weye unasimama mbele, unaonyesha, benzako banafuata. Kazi unataka sasa ni ya kukaa chini, kunyamaza, kuacha mutu amalize neno yake. Kwako itakuwa ngumu kupita dansi.

Na kitu kiloko kingine: barua zinapita mu mikono ya batu. Andika na akili.

Goti yako namna gani?

Yaya yako,
Henriette


Kolwezi, tarehe 5 mwezi wa tano 1980

Yaya Henriette,

Goti gani? Goti ni nzima.

Nilianza uchunguzi. Cheka kwanza, kisha unisaidie. Nilikusanya banawake bote mu uwanja, nikasimama mbele, nikauliza kwa sauti: «Benzetu balitoka mu troupe juu ya nini?» Nikasema: «Ni mabwana?» Mama moja akajibu: «Mabwana!» Wa pili akapiga mikono. Mbele sijafunga kinywa, mustari yote inayumba, kushoto, kuume, banaimba: «Mabwana balikataa! Mabwana balikataa!» Njo vile nilibafundisha kwa sherehe za Chama ya taifa: mukubwa anatupa neno, batu bote banairudisha. Balinichezea jibu, yaya! Hata mi mwenyewe, miguu ilianza kufuata.

Mutu moja tu hakuimba. Jina yake Amisa, bibi ya Bilali wa umeme, mutoto ya bachuruzi ba kwa Kasongo, familia moja na Tata Swedi. Njo muchezaji wangu wa kwanza, lakini siku hizi ananyanyua mguu na kuiweka chini polepole, mpaka siku moja nilimupiga ku miguu na fimbo. Benzake balipokwenda, yeye alibaki. Akaniuliza: «Mwalimu, mwezi hii hatuwezi kupumuzika?» Nikamuambia: mwezi hii njo ya sherehe ya Chama, unataka nicheze peke yangu mbele ya komisera wa serikali? Akasema: «Basi, Mwalimu.» Akaenda.

Sasa niandike nini mu plan?

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa tano 1980

Kabedi,

Sikucheka. Ile haikuwa uchunguzi, ilikuwa sherehe. Umetupa swali na jibu pamoja.

Amisa alikuya kukujibu na weye umemufukuza. Umuendee kwake, bila filimbi, bila fimbo. Ile mambo ya kupiga mutu muzima ku miguu, mama alikufundisha wapi?

Lakini subiri mwezi wa tano ipite. Weye wakati ile ulikuwa Likasi, lakini unajua kwa Kolwezi mwezi wa tano ni mwezi gani, miaka mbili sasa. Subiri tu. Siwezi kuandika kupita hapa.

Henriette


Kolwezi, tarehe 26 mwezi wa tano 1980

Yaya,

Barua yako ilichelewa. Pengine ata ingefika mbele ningefanya tu kichwa yangu, unanijua.

Nilienda kwa Amisa. Alinipa kiti, yeye akakaa ku mukeka. Nilitosha karatasi na kalamu, juu nilitaka kufanya kazi kama batu ba chuo. Nikamuuliza muzuri, kwa upole. Aliangalia kalamu. Alisimama, akanipa maji ya kunywa, akasema chakula yake inaungua ku jiko. Hakukuwa na chakula ku jiko, yaya, moto ilikuwa haijawashwa. Asubui yake Bilali aliniambia kama bibi yake amepanda gari-moshi, amekwenda Kasaji kwa mama mudogo. Alisema vile akiangalia pembeni.

Kisha sherehe. Nusu ya troupe haikufika. Mmoja mutoto anaumwa, mwingine kilio kwao, mwingine hana sababu hata ya uongo. Nikaingia mwenyewe ku mustari kujaza pahali, komisera anaangalia, na mu wimbo ya pili goti ilikufa. Nilianguka, yaya, mbele ya batu bote.

Sasa unajua. Nilikudanganya. Dokta alisha kuniambia tangu Likasi: dansi imekwisha. Nyumba hii ya kambi ni ya kazi. Nisipocheza tena na nisipopata ile nafasi, mi na mama tunatoka na masufuria ku kichwa. Njo maana ninaitaka foyer. Naitaka juu naipenda, na naitaka juu naogopa.

Citoyen Ngeleka aliniita ku ofisi. Hakunipa kiti. «Banawake banasema unapita mu nyumba unauliza-uliza. Nani alikutuma?» Nikasema ni chuo. Akasukuma plan yangu upande. «Unirudishie bachezaji, nitatia saini. Ukiuliza tena, nitapeleka jina yako pahali unajua.» Plan lazima ifike kwenu mbele ya tarehe kumi ya mwezi wa saba.

Nilimupa Tata Swedi neno kwa Amisa, bila karatasi: anisamehe juu ya kalamu na fimbo, na arudie tu kwake, sitamuuliza tena kitu.

Kabedi


Kasaji, tarehe 9 mwezi wa sita 1980

Kwa Mwalimu Kabedi,

Salaam aleikum. Ni mimi Amisa, bibi ya Bilali. Ndugu Swedi alinipa neno yako, na ile ya kusema hutauliza tena njo inanipa nguvu ya kukujibu.

Ile siku kwangu, ulikaa ku kiti na kalamu. Vita ilipokwisha batu balikuya vile vile, balikaa ku kiti ile ile, baliuliza kwa upole, baliandika jina ya kaka yangu. Hatujamuona mpaka leo. Sikukufananisha nao, Mwalimu, lakini miguu yangu ilikimbia yenyewe.

Sasa swali yako. Weye hukukuwa Kolwezi. Bunduki zilipoanza, batu ba kambi tulikimbilia mu foyer juu kuta zake ni nene. Lakini madirisha ni madirisha. Risasi zilipita. Za nani, sijue, na usiniulize. Batu balikufa karibu yetu, na ku makaburi hakukuwa njia ya kufika. Wanaume balitoboa udongo nyuma ya foyer, haraka-haraka, na majembe ya bustani. Njo maana pale ni laini, Mwalimu.

Mama yangu Mwanvua iko pale. Ni mbele kiloko ya pahali weye unasimama na filimbi. Hakuoshwa, hakupata sanda, tulimufunga mu pazia ya salle. Arobaini yake haikusomwa. Na benzangu, bandugu zao pia iko pale, matanga haikutoka hata moja. Vita ilipoisha, balituambia mambo ya zamani iishe, uwanja ni uwanja, salle ifungwe. Nani angesema hapana?

Kisha ulikuya weye, mugeni, unalipwa na komite. Hatukukujua. Kila siku unasema tukanyage, udongo isikie. Mama yangu anasikia, Mwalimu. Kila siku nilitafuta namna ya kuweka mguu bila kumugusa, na weye uliona ni uvivu.

Mabwana hawakutukataza. Ile neno uliitaka weye, tukakupa.

Barua hii uiunguze.

Amisa


Kolwezi, tarehe 16 mwezi wa sita 1980

Yaya Henriette,

Nakuandikia kama mutu amepigwa ku kichwa. Barua ya Amisa niliiunguza, juu aliniomba, lakini maneno yake Tata Swedi anaijua yote, atakuambia kwa kinywa. Keti chini mbele ya kumusikia.

Asubui nilikwenda mu uwanja peke yangu. Sikujua niweke mguu wapi. Mwaka mzima, yaya! Mwaka mzima nalia pale na filimbi, nabafokea, nasema hawana roho! Na bao banakanyaga mama zao, banarudia nyumbani, banapika. Fimbo niliivunja nikaitupa ku majani. Nilikaa ku ukuta nikalia mpaka mulinzi akaniuliza kama ni goti. Nikasema ndiyo, ni goti.

Na weye ulijua? Ile «subiri mwezi wa tano ipite» ilikuwa kitu gani? Kama ulijua na uliniacha niendelee, uniambie leo, nisikuite tena yaya.

Nataka kuandika yote mu plan. Yote, na jina ya uwanja. Acha Ngeleka akatae saini, nitakwenda kuipeleka mwenyewe na goti yangu.

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa sita 1980

Kabedi, mudogo yangu,

Tata Swedi alisema, nami niliketi. Sikujua uwanja. Naapa ku kaburi ya mama mukubwa. Nilijua mwezi tu, kama kila mutu huku anaijua. Nikafikiri banawake benye huzuni waachwe wapumue, njo yote. Uniite yaya.

Sasa unisikie. Usiandike. Nimefanya kazi mu hii ofisi muda mrefu, najua karatasi inapita wapi mbele ya kufika ku jury. Ukiandika vile, plan yako haitafika, weye utaitwa, na bakisha kukuita batakwenda kutafuta Amisa kule Kasaji. Alikupa maneno yake. Nilikuambia tangu mwanzo: utafanya nini na jibu? Sasa jibu iko, na haiko yako peke yako.

Andika tu kama troupe itarudilia ndani ya salle, kama salle ifunguliwe, uwanja iachwe. Hiyo mutu anaweza kuisoma bila kuuliza. Kubali hiyo, ukae kimya, ukuye. Nakulomba. Siku hizi silali muzuri juu yako.

Kazi huku ni ile ile. Bakubwa banataka ngoma za bankambo, bazee ba zamani, kila mwezi barua: authenticité, authenticité, kila kambi ilete ngoma ya asili. Hakuna kambi inaleta. Tunaandika tena.

Henriette


Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa saba 1980

Yaya Henriette,

Plan iko mu bahasha hii. Angalia kwanza chini, ku saini, kisha usome barua. Kimya sikukaa, unisamehe. Weye mwenyewe ulinifungulia njia, ku mistari ya mwisho ya barua yako, na hukujua.

Nilibandika tangazo ku mulango ya foyer, na herufi kubwa: siku ya mungu, troupe itarudilia ngoma ya asili ya kutosha matanga, kumaliza kilio, kufuatana na maombi ya Lubumbashi. Nani atakataza authenticité? Banawake balisoma. Waliniangalia tu, mara ya kwanza tangu nilifika hapa.

Wote balikuya, yaya. Bale balitoka mu troupe pia, na bamama hata hawajui dansi, na bitambaa ku kichwa, na mifagio, na ndoo za maji, na unga. Amisa alishuka gari-moshi na mama mudogo Sikudhani. Tata Swedi alileta benzake benye kofia. Mi sikusimama mbele. Nilikaa chini ku ukuta, goti nimeinyoosha, filimbi niliiacha nyumbani. Hakuna mutu alisema moja-mbili-tatu. Balivua viatu, balifagia uwanja taratibu, kila mutu pahali anaijua. Balimwaga maji. Kisha mama moja alianza kulia, na kilio ilizunguka uwanja yote, ile kilio ya miaka mbili. Tata Swedi na benzake balisimama pahali pa Mwanvua, mikono wazi, wakasoma dua. Amisa aliweka kipaji ku udongo.

Hapo njo Citoyen Ngeleka aliingia.

Alivaa abacost, koti yake ya ofisi, kifungo mpaka ku shingo. Banawake balisimama na mifagio mu mikono. Akaniangalia.

«Hii ni nini?»

Nikasimama nikishika ukuta. Nikajibu: «Ngoma ya asili, Citoyen Prezida. Ya kutosha matanga. Lubumbashi banaiomba.»

Aliangalia uwanja, huku na kule. Nilifikiri: sasa anahesabu nani aitwe. Bilali alisogea karibu na Amisa. Ngeleka akanyoosha kidole, ku kona ile ya bomba ya maji, pahali majani imeota.

«Mulifagia wapi na wapi? Pale pia,» akasema. «Pale mulisahau.»

Akainama, akafungua viatu vyake, mguu moja, kisha wa pili. Akatwaa mufagio mu mikono ya mama Sikudhani, akaenda ku bomba, akaanza kufagia. Hajue kufagia, yaya, alikuwa anarusha vumbi ku suruali yake mwenyewe. Mama mumoja alimufuata na ndoo. Kisha kilio ikarudi, na kilio ilipoisha banawake balicheza, namna bankambo bachezaka wakitosha matanga, na mara hii miguu yao iligusa chini kweli.

Kesho yake alikuya kwangu mwenyewe, mi niko ku mulango napepeta unga. Aliomba plan. Nilimupa, nikangoja asome. Hakusoma. Alitia saini ku goti yake, akaweka juu ya karatasi ufunguo ya salle.

«Uwanja uiache,» akasema. Akaanza kwenda, akasimama. «Nilimuzika pale ku bomba peke yangu, batu bote balikuwa bamekimbia. Kisha nikaogopa. Nikaacha batu baseme vile banasema. Agnès hakurudia Fungurume, Mama Kabedi.»

Nilimuambia pole, Tata Ngeleka. Alikubali na kichwa, akaenda ku kazi.

Tata Swedi anangoja na gari. Nambie upesi.

Kabedi


Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa saba 1980

Mudogo yangu,

Nafasi ni yako. Unaanza mwezi wa tisa.

Nilikuwa mule ndani kuandika maneno ya jury. Balipenda pahali uliandika kama utauliza batu ukikaa chini pamoja nao, bila kalamu, na kuandika kisha, bila majina. Mukubwa wao aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini ile uwanja kubwa umeiacha bila kazi mu plan yako? Waliniangalia, juu banajua weye ni wa kwetu. Nikasema udongo yake ni laini sana. Aliweka kalamu chini bila kuandika kitu. Kisha akafungua ukurasa ingine.

Mama aende kukaa kwa Amisa mpaka urudie, Tata Swedi alisha kuniletea neno yao. Kitanda yako nimeiweka chini, karibu na mulango, usipande ngazi na ile goti.

Yaya yako,
Henriette